Muulize mtoto, kisha funga bunduki

Nafanya kazi ya ushauri nasaha kwa vijana wa Montana, jimbo la Marekani lenye ukubwa wa karibu theluthi mbili za Kenya lakini watu milioni 1.1 tu, yaani kama robo ya Nairobi. Kwa miongo kadhaa limekuwa miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa kiwango cha watu kujiua, na vijana wamo.

Watu hutafuta sababu moja. Haipo. Kuna majira marefu ya baridi, ranchi zilizoachana mbali, daktari wa akili aliye mwendo wa saa kadhaa kwa gari, na aibu ya gari lako kuonekana nje ya kliniki katika mji ambao kila mtu analijua. Kuna na bunduki ya kuwindia, ambayo huko ni chombo cha nyumbani kama panga kwetu. Vifo vingi vya kujiua Montana ni vya bunduki.

Dhiki inayomsukuma kijana mara nyingi ni kama wimbi: hupanda, kisha hushuka, pengine ndani ya saa moja. Wengi wanaonusurika hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Ndiyo maana kufuli kwenye kabati la bunduki, risasi zikiwekwa kwingine, mimi nalihesabu kuwa ni tiba.

Kijana mmoja wa miaka 16 (nimebadilisha mambo asitambulike) nilimuuliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Akatazama theluji ikiyeyuka kwenye buti zake. Kimya kirefu. "Ndiyo." Mabega yakamshuka kama aliyetuliwa mzigo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Utafiti umeonyesha hivyo tena na tena. Baba yake alifika baada ya saa mbili, kofia mkononi. Sikumhubiria habari za silaha. Nilimwomba tu azipeleke kwa nduguye mpaka mwanawe apate nafuu. Usiku uleule alizipakia garini.

Huko Missoula, mji wa Montana, kuna familia za Wakongo. Mama mmoja aliniambia, "Mutoto yangu iko na mawazo mingi." Mawazo! Neno hilo tunalibebesha kila kitu: ada, mapenzi, msiba. Nikamuuliza, "Mawazo gani, Mama? Ya kufa?" Hakuwahi kumuuliza. Nilimwandikia 988, namba ya Marekani ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, iliyoanza Julai 2022, inayopokea simu na ujumbe usiku na mchana. Jioni ile alimuuliza binti yake jikoni, wakiwa wawili, nami nikisubiri kwenye simu.