Dhana potofu kuhusu viraka, madoa ya bibo na maua ya nyumbani

Nguo za Mtwara na Lindi hazimalizwi na uzee peke yake. Maji ya bibo, lile tunda la mkorosho, wakati wa msimu wa korosho, chumvi ya pwani, misumari yenye kutu, cheche za pasi ya mkaa na unyevu wa masika huzimaliza kabla ya siku zake. Nyingi zinaokoleka kwa sindano na uzi. Tatizo ni kwamba yapo mambo yanayorudiwa majumbani kana kwamba ni kanuni, na ndiyo yanayoimaliza nguo haraka zaidi.

"Doa la bibo halitoki, usijisumbue"

Halitoki likishakauka na kupigwa pasi. Likiwa bichi hutoka, pengine lote. Maji ya bibo yana tanini nyingi, ile inayokwaruza koo unapolila. Tanini ikishika pamba na kupigwa na hewa hugeuka kahawia, na maji ya moto pamoja na sabuni ya mche huzidi kuishikiza. Adui mkubwa hapo ni chuma. Tanini ikikutana na kutu hutengeneza rangi nyeusi, na wino wa zamani ulipatikana kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana nguo yenye bibo ikilowekwa kwenye ndoo ya bati iliyoota kutu hutoka na mabaka meusi ambayo hayakuwepo, na watu wakasema bibo halina dawa.

Tumia maji baridi na beseni la plastiki. Geuza nguo, mimina maji kwa kata kutoka upande wa nyuma wa doa ili lisukumwe litoke lilikoingilia. Usisugue. Changanya vijiko viwili vikubwa vya siki nyeupe na kikombe kimoja cha maji, loweka sehemu hiyo kwa dakika 15 hadi 20. Maji ya limao yanafaa pia, ila kwenye kitenge chenye rangi kali yajaribu kwanza ndani ya upindo, kwa sababu rangi nyingine hufifia. Suuza, kisha fua kwa sabuni ya unga. Litazame doa kabla ya kuanika, na likiwepo bado, rudia.

Mafuta ya ganda la korosho ni jambo tofauti kabisa. Hayo huunguza ngozi. Nguo iliyoyapata ishikwe kwa glavu au mfuko wa plastiki, ifuliwe peke yake, na isichanganywe na nguo za mtoto.

Doa lililogoma halina haja ya kuifanya nguo tambara. Kata ua zima kutoka khanga kuukuu, ukiacha milimita 5 kuzunguka mchoro wake. Kata vijimkato vidogo kwenye mizunguko ya petali ili upindo ukunjike bila kujaa, kunja kuelekea ndani, shikiza kwa pini, kisha shona ukingoni kwa mkono, mshono hadi mshono milimita 3. Ua moja mahali pa doa huonekana ni kiraka. Ongeza dogo jingine upande wa pili wa gauni na litaonekana ni pambo. Tundu la cheche ya pasi ya mkaa hufunikwa hivyohivyo, ila kwanza weka kipande cha khanga nyuma ya tundu, maana kingo zilizoungua hubomoka chini ya uzi.

"Kutu itiwe dawa ya kung'arisha"

Dawa yenye klorini haitoi kutu. Huikaza, na pamba inayozunguka doa hudhoofika mpaka inatoboka. Kamua limao juu ya doa, nyunyiza chumvi, anika juani saa moja au mbili, kisha suuza kwa maji mengi ili chumvi isibaki ndani. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu. Na ukiweza, ondoa waya wa kuanikia, funga kamba ya nailoni au katani.

"Uzi ukiwa mnene, mshono utadumu"

Khanga iliyochanika hushonwa kwa uzi mara mbili, wengine kwa nailoni ya kuvulia samaki, kwa sababu haikatiki. Hapo ndipo inapoharibikia. Penye mvutano lazima kitu kimoja kiachie. Uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, kinachoachia ni kitambaa. Mshono uliokatika uzi hurudiwa kwa dakika chache. Khanga iliyokatwa na nailoni kando ya mshono inadai kiraka kipya, kikubwa kuliko cha kwanza.

Khanga inataka uzi mmoja wa kawaida wa cherehani. Kwa kushona kwa mkono, uzi usizidi sentimita 45 hivi, kwani mrefu hujisokota na kulika kila unapopita kitambaani. Kwenye cherehani weka sindano namba 11 kwa khanga, 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Sindano ya jinzi kwenye khanga huacha mstari wa matundu, na khanga huchanikia hapo. Mshono mfupi kupita kiasi una madhara hayohayo: milimita 2.5 inatosha kwa nguo nyingi, na 3 kwa jinzi. Fundi anayekaza mishono ya milimita 1 kwenye kitambaa kilichochoka anakitoboa tu.

"Kiraka kikae juu, kikazwe pande nne"

Jinzi za mitumba huanza kuisha mapajani. Ukiinua sehemu hiyo kwenye mwanga utaona kwamba tundu ni dogo, lakini eneo lililokonda kulizunguka ni kubwa. Kiraka kinacholingana na tundu hushonewa kwenye nyuzi ambazo tayari zimechoka. Ndiyo sababu baada ya muda mfupi tundu jingine hutokea pembeni mwake, na lawama huenda kwa uzi.

Chora kwa chaki mpaka wa eneo lote lililokonda, kisha ongeza sentimita 2 au 3 kila upande. Hicho ndicho kipimo cha kiraka. Kitambaa chake kifuliwe kwanza na kukaushwa, kwa sababu pamba mpya hupungua ikifuliwa, na kiraka kikipungua baada ya kushonwa hukunja suruali nzima kukizunguka. Uelekeo wa nyuzi zake ufanane na wa nguo. Pembe zikatwe mviringo, maana pembe kali ndiyo inayovutwa kwanza. Kiweke ndani ya suruali, kishikize kwa mishono mirefu ya muda, na kingo zake usizikunje: mkunjo huongeza unene, unene huongeza msuguano, na paja lenyewe litalalamika. Mshono wa zigizaga ukingoni unatosha kuzuia nyuzi zisifumuke.

Kisha shona mistari ya kwenda na kurudi, mmoja hadi mwingine milimita 5, ukipita juu ya tundu na eneo lote lililokonda. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: mistari isiishie mahali pamoja. Mmoja upite sentimita moja mbele, unaofuata uishie nyuma kidogo. Ikiishia kwenye mstari mmoja ulionyooka, unakuwa umeunda ukingo mgumu kando ya kitambaa laini, na hapo ndipo patakapochanika.

Kwa khanga au shuka iliyochanika kwa mstari ulionyooka, utepe wa khanga kuukuu wenye upana wa sentimita 3 kwa nyuma unafaa kuliko kitambaa kipya kizito. Kitambaa kuukuu kimekwisha kupungua na kulainika.

"Kola ikilika, shati la shule limekwisha"

Kola ina pande mbili, na upande wa chini kwa kawaida haujaguswa. Fumua mshono unaoishikilia kola kwenye mkanda wa shingo, ukikata uzi mmoja kila mishono mitatu badala ya kuvuta. Tia alama katikati ya kola na katikati ya mkanda, geuza kola, linganisha alama, piga pini kutoka katikati kwenda pembeni, shona. Sehemu iliyolika itakuwa chini. Kama imetoboka kabisa, iimarishe kwanza kwa utepe mwembamba.

"Kifungo kikazwe sana, na zipu ikiachia itolewe"

Kifungo kilichobanwa kitambaani hakina nafasi ya kupokea tabaka la pili la nguo, kwa hiyo kila ukifunga kinavuta. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukipita juu yake mara nne hadi sita, toa njiti, inua kifungo, zungusha uzi mara nne chini yake kisha funga fundo nyuma.

Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake mara nyingi meno yake ni mazima. Kilicholegea ni kichwa, kimepanuka. Kirudishe mwanzo wa zipu, kibane kwa koleo polepole upande wa kulia, kisha wa kushoto, jaribu, rudia kidogo. Ukikaza kwa nguvu mara moja kitavunjika. Kwa zipu ya chuma iliyokauka kwa hewa ya bahari, pitisha mshumaa juu ya meno. Meno yaking'oka, hapo ndipo ununue nyingine.

"Chandarua kilichotoboka hakina kazi"

Mikoa hii bado inasumbuliwa na malaria, kwa hiyo hili lisicheleweshwe hata siku moja. Tundu dogo lifungwe fundo au lishonwe kwa kukusanya kingo. Tundu kubwa liwekewe kiraka cha chandarua kuukuu kinacholizidi sentimita 2 kila upande. Usiunganishe kwa moto: nyuzi za chandarua huyeyuka, ukingo unakuwa mgumu, na tundu linazidi kupasuka. Fua kwa sabuni laini bila dawa ya kung'arisha, kisha anika kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa ya mbu iliyomo.

"Asumini kabatini hufukuza wadudu"

Harufu yake inapendeza, na hatumwambii mtu aache kuitumia. Lakini ua bichi lina maji, na kwenye kabati lililofungwa wakati wa masika maji hayo huongeza unyevu unaoleta ukungu. Petali zikinyauka huacha alama za kahawia kwenye nguo nyeupe. Matundu mengi madogo kwenye nguo za pamba ni kazi ya wadudu wanaofuata wanga, jasho na mabaki ya chakula. Shati lililotiwa wanga na kuwekwa muda mrefu ni karamu yao. Nguo za kuweka zifuliwe, zisitiwe wanga, zikauke kabisa, na kabati lifunguliwe siku za jua. Asumini ikaushwe kivulini kwanza, kisha ifungwe kwenye kitambaa chembamba.

"Beseni lililopasuka ni la kutupa, na maua yanataka vyungu vya dukani"

Hapa ile nailoni ya kuvulia inapata kazi yake. Pasha msumari mwembamba moto, toboa tundu dogo mwisho kabisa wa ufa. Bila tundu hilo ufa utaendelea kutembea hata ukishonwa. Kisha toboa matundu pande zote mbili, sentimita 1 kutoka ufa, kila baada ya sentimita 1.5, na shona kwa kupishanisha. Kazi hiyo ifanyike nje, kwa sababu ya moshi. Wanaopenda kuyeyusha kipande cha plastiki juu ya ufa watazame namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya beseni: plastiki namba 5 haishikani na namba 2, hata ziyeyushwe vipi.

Beseni la namna hiyo halitashika maji, lakini linatosha kwa maua. Toboa chini matundu matano yenye unene wa penseli. Wengi huweka kokoto chini wakiamini zinapitisha maji. Hazisaidii, maji hubaki kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi imepewa nafasi ndogo. Funika matundu kwa kipande cha mfuko wa vitunguu, kisha jaza udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Vipande vya matumbawe visitiwe, kwa sababu hutoa chokaa inayogeuza majani ya njano.

Mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba, na huo ndio wakati wa kupanda vipandikizi. Kata tawi la bogenvilia lenye unene wa penseli, sentimita 20, ondoa majani ya chini, zika nusu yake, weka kivulini kwa wiki nne hivi. Likishashika, kosa la kawaida ni kulimwagilia kila siku kiangazi kwa kutaka maua. Bogenvilia inayonyweshwa sana hutoa majani. Acha udongo ukauke kwanza ndipo umwagilie. Asumini haivumilii hivyo. Udongo wake usikauke kabisa, la sivyo huangusha matumba kabla hayajafunguka.