4,294,967,297 sio namba tasa jamani

Hii namba naipenda kweli, ndo maana inaniuma kuona inasemwa vibaya kila mara. Chukua 2 kipeo cha 32 uongeze 1, unaipata.

Kosa kubwa ni kuiita namba tasa kisa Fermat alisema. Pierre de Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kweli kwamba zote za ukoo huu (2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32, kipeo kinazidishwa mara mbili kila hatua, kisha unaongeza 1) ni tasa, na alikuwa na sababu maana 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa bila ubishi. Ila kuamini sio kuthibitisha, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha hii inayofuata ni 641 × 6,700,417. Imeisha hapo.

Wengine wanadhani hiyo 641 ilihitaji kujaribu maelfu ya namba. Ni kweli tasa zote zilizo chini ya kipeuo cha pili cha 4,294,967,297 ni 6,542, lakini Euler huyohuyo alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha hii namba lazima kiache baki 1 ukikigawa kwa 64, kwahiyo unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu!

Na huhitaji kalikuleta kuhakikisha, angalia: 5 × 128 ni 640, imepungua 1 kufika 641, kwahiyo tuseme baki lake ni hasi 1. Ipandishe yote kipeo cha 4 (128 ni 2 kipeo cha 7), hasi inafutika, yaani 625 × 2 kipeo cha 28 inaacha baki 1. Sasa 625 ni 641 kutoa 16, na 16 ni 2 kipeo cha 4, kwahiyo ile 625 inageuka hasi 16 na unapata hasi ya (2 kipeo cha 32) inaacha baki 1, maana yake 2 kipeo cha 32 ukiiongezea 1 inagawanyika kwa 641 bila kubaki kitu. Mie hapa huwa narudia kusoma kwa raha tu.

Kuna wanaosema mbona kwa 3 haigawanyiki, kwa 5 haigawanyiki, kwa 17 hola. Sawa kabisa, kwasababu 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu 2 tu, so ukigawa kwa yoyote kati ya hizo lazima ibaki 2. Hilo linakwambia kuhusu hizo tano, sio kuhusu 641.

Halafu ile ya "ndio kikomo cha biti 32", yaani namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaweza kuiandika kwa tarakimu 32 za 0 na 1. Hapana, kubwa kuliko zote humo ukianzia 0 ni hiyo hiyo 4,294,967,295, hii yetu imeshapita kwa 2 na ukiilazimisha kuingia inabaki 1.

Hata programu ya kukagua namba tasa inaweza kudanganyika. Kipimo cha kuchukua 2, kuipandisha kwa kipeo cha namba yenyewe kutoa 1, na kuangalia kama baki ukigawa kwa namba yenyewe ni 1, hii namba inapita vizuri kabisa na bado sio tasa. Weka 3 badala ya 2, inafeli palepale.

Na msiseme zinazofuata zote sio tasa. Baada ya 65,537 haijapatikana tasa hata moja kwenye ukoo huu, ila hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.