Kwaresima: mfungo usiokuwa mashindano ya njaa

Dhana inayowachosha waumini wengi hapa Uganda ni kwamba mfungo wa Kwaresima, siku 40 za kujiandaa kwa Pasaka, unafanana na wa Ramadhani: usile wala usinywe mpaka jua litue. Kwa Wakatoliki sivyo. Siku za lazima kufunga ni 2 tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa aliyefikisha miaka 18 mpaka atimize 59. Siku hizo unakula mlo mmoja kamili, na mara mbili unaonja kidogo, kiasi kwamba vikijumlishwa havifikii mlo. Maji kunywa. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo anayeruka dawa zake ili afunge anajidhuru bure; aache kitu kingine.

Mambo huharibika jioni. Sahani ya posho (ugali) na maharage iliyorukwa mchana inarudi saa mbili usiku ikiwa imejaa maradufu, na katikati ya hapo watoto wamefokewa na mteja amejibiwa vibaya. Njaa hiyo haikumpa mtu nafasi ya kusali wala haikumlisha jirani. Isaya 58 inasema wazi kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo tafuta kopo, uliweke jikoni. Ukiacha chapati ya asubuhi na kutia shilingi 1,000 kila siku, Jumapili zikiwa kando, siku 40 zinakupa 40,000. Mpelekee mjane unayemjua kabla ya Pasaka.

Ijumaa nyingine za Kwaresima je? Nyama hailiwi kuanzia miaka 14, samaki ruhusa. Lakini anayeacha nyama akanunua sangara mkubwa wa bei ya juu kuliko nyama ameshika sheria, sadaka imemponyoka. Mukene, yaani dagaa, inatosha.

Wapo wanaosema: “Kwaresima ni ya Wakatoliki.” Hapana, Kanisa la Uganda, la Kianglikana, nalo huiadhimisha.

Wengine husema: “Asiyepakwa majivu hajaanza.” Majivu ni ishara, si sakramenti. Jumatano hiyo ya Majivu husomwa Yoeli 2: rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu.

Dhana nzito zaidi ni kwamba roho ikifanywa upya lazima uhisi moto kifuani. Wiki ya tatu huwa kavu, na wengi huacha hapo wakidhani Mungu amenyamaza. Amka dakika 15 kabla ya kushika simu, soma Zaburi 51 polepole, baki na mstari mmoja, kisha mtaje kwa jina mtu uliyemkosea. Ukavu si dalili ya sala mbovu. Kitubio nacho, yaani kuungama dhambi kwa padri, usikingoje Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, foleni ikiwa ndefu na padri amechoka. Nenda mapema, upate muda wa kurudisha deni au kuomba radhi.

Na ukiteleza siku moja? Hakuna siku za kulipa. Kesho yake unaendelea.