Mwalimu wa kompyuta “mwenye cheti”: cheti kipi?

Wiki mbili zilizopita, mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari ya binafsi hapa Busia alinipa tangazo la kazi niupitie Kiswahili chake kabla halijabandikwa getini. Lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito kwenye karatasi ya manila: “Anatafutwa mwalimu wa kompyuta, kidato cha 1 hadi cha 6. Awe na cheti, awe amethibitishwa na awe na leseni.” Kisarufi sikuona la kurekebisha. Tatizo lilikuwa kwamba tangazo hilo, likisomwa kwa macho ya sheria na desturi za Uganda, lilimwita mtu asiyeweza kupatikana: mtumishi wa serikali aliyekwisha kumaliza kipindi cha majaribio kazini, ambaye papo hapo ni mtu asiyesomea ualimu na anafundisha kwa ruhusa ya muda. Si mara ya kwanza kuyaona maneno hayo yamefungwa fungu moja kama kuni, na ndiyo maana nimeamua kuyafungua.

Kinachotafutwa na maneno yote matatu ni sifa ya kufundisha, na maana yake haina mzunguko. Sifa ya kufundisha ni hali ya mtu kutambuliwa na mamlaka ya elimu kwamba anaruhusiwa kusimama mbele ya darasa. Kwa sekondari zetu, njia ya kawaida ni shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia, au shahada ya fani nyingine ikifuatwa na stashahada ya uzamili ya elimu, kisha usajili katika Wizara ya Elimu na Michezo. Ipo pia stashahada ya elimu ya sekondari, iliyowatoa walimu wengi tunaowajua kutoka vyuo vya Kaliro, Mubende, Unyama na vinginevyo, ingawa Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka shahada iwe kiwango cha chini kwa walimu wote. Mwalimu wa kompyuta hana mlango wake wa pekee. Hupita palepale apitapo mwalimu wa Jiografia na wa Kemia.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. “Cheti” tulilipata kutoka Kihindi, ambako lilikuwa na maana ya barua fupi, kijikaratasi chenye maneno machache. Kwa kuwa lilianza kwa sauti ya “ch”, wazee wetu wa lugha walilichukulia kama “chakula” na “chombo”, wakalipa wingi wa “vyeti”, na tangu hapo hakuna anayelitazama kama mgeni. Kiingereza nacho kiliokota neno hilohilo India, na ndiyo maana mwanafunzi wa bweni bado huiita “chiti” ile karatasi anayopewa na muuguzi wa shule ili aruhusiwe kwenda hospitali. Cheti na chiti ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amevaa suti na mwingine kaptura. Ninalolisisitiza hapa ni kwamba asili ya neno hilo haina mamlaka wala ruhusa ndani yake. Cheti ni karatasi inayosema kwamba jambo fulani limetokea: mtoto amezaliwa, wawili wameoana, mtu amehudhuria kozi. Uzito wa cheti hutoka kwa aliyekitoa na kwa jambo linaloshuhudiwa, kwa hiyo kusema “mwalimu mwenye cheti” bila kusema cha nini ni kuiacha sentensi njiani.

Na katika somo la kompyuta, kuliko somo lolote lingine, sentensi hiyo ikiachwa njiani huokotwa na kila mpita njia. Hakuna kampuni inayotoa vyeti vya Historia. Kompyuta zinazo: Cisco wana vyeti vyao vya mitandao, CompTIA wana vyao vya ufundi wa mashine, Microsoft vivyo hivyo. Ni vyeti vya heshima, vina mitihani migumu, na baadhi yake, kama cha CCNA cha Cisco, hufa baada ya miaka 3 usipovihuisha. Lakini kinachoshuhudiwa na vyeti hivyo ni kwamba mtu anaweza kuunganisha mtandao au kutengeneza mashine. Havisemi lolote kuhusu kuandaa somo, kutunga mtihani, au kumwelekeza mtoto wa miaka 13.

Nilimwona kijana mmoja aliyekuja kujaribiwa mbele ya kidato cha 1. Faili lake lilikuwa zuri kupindukia, kila cheti ndani ya mfuko wake wa plastiki, na maabara iliyokuwa imekataa kushika intaneti muhula mzima aliiponya kwa dakika 40 huku mkuu wa shule akitazama kwa furaha. Kisha akageukia ubao, akaandika 192.168.1.1, anwani ya kifaa kwenye mtandao, na akaanza kueleza. Mbele yake walikuwa wamekaa watoto ambao baadhi yao walikuwa bado wanaishika kipanya kwa mikono miwili. Sikumcheka, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kufanya vinginevyo. Mazoezi ya kufundisha, yale ambayo mwanafunzi wa ualimu hufundisha huku mkaguzi mwenye daftari amekaa nyuma ya darasa, hayamo katika cheti chochote kati ya vile alivyokuwa navyo.

Neno la pili, “kuthibitishwa”, lina kosa la namna nyingine, na kwangu ndilo linalokera zaidi kwa sababu linafanywa na watu waliosoma. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uleule uliotupa “thabiti” na “ithibati”, wenye maana ya kusimama imara pasipo kuyumba. Katika utumishi wa umma neno hilo lina kazi maalumu na limeizoea. Katiba ya mwaka 1995 iliipa Tume ya Utumishi wa Elimu mamlaka ya kuwateua watumishi wa elimu na kuwathibitisha katika nafasi zao. Mwalimu wa serikali akiajiriwa huwa kwanza katika majaribio, kisha huja barua ya kumthibitisha kazini, na siku hiyo hununulia wenzake soda. Barua hiyo inahusu ajira yake. Ualimu wake ulikwisha kutambuliwa zamani, maana bila hivyo asingeajiriwa. Mwalimu wa shule ya binafsi anaweza kuwa amesajiliwa, ana shahada mbili na miaka 20 ya kazi, na asithibitishwe na Tume hata siku moja, kwa kuwa si mwajiriwa wake. Shule ya binafsi inayodai mwalimu “aliyethibitishwa” inadai mtumishi wa watu wengine.

“Ithibati”, kwa kuwa nimeitaja, nayo iachwe mahali pake. Hiyo hupewa programu ya masomo, na anayeitoa kwa vyuo vikuu vyetu ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Shahada ya elimu ya chuo fulani yaweza kuwa na ithibati. Mwalimu mwenyewe hana.

Limebaki “leseni”, na hapa lazima tuvuke bahari, kwani mkanganyiko huu umetoka huko. Watu wengi husoma mtandaoni masharti ya kuwa mwalimu wa sayansi ya kompyuta nchini Marekani, kisha huyaleta nyumbani kama yalivyo. Marekani haina mamlaka moja inayowaidhinisha walimu. Kila jimbo kati ya 50 lina utaratibu wake na hata jina lake. Kibali hicho Ohio na Wisconsin hukiita leseni, Texas na New York hukiita cheti, na California ina jina la tatu. Majina ni tofauti ila kitu ni kimoja, yaani ruhusa kamili ya kufundisha, na kwa sekondari ruhusa hiyo huwa inataja somo. Texas, kwa mfano, ina mtihani wake wa sayansi ya kompyuta kwa anayetaka kufundisha darasa la 8 hadi la 12. California kwa upande wake humruhusu mwenye kibali cha Hisabati au cha Biashara kufundisha kompyuta pia. Huko basi “mwalimu mwenye leseni” ni mwalimu aliyekamilika.

Kwetu ni kinyume chake. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, ile inayohusu elimu ya awali, ya msingi na ya baada ya msingi, ina milango miwili: usajili na leseni. Usajili ni wa aliyefunzwa ualimu. Leseni ni ya yule ambaye hakufunzwa ualimu lakini ana elimu inayomwezesha kufundisha, naye hupewa kwa muda maalumu. Neno lenyewe, ukilifuata kupitia Kiingereza hadi Kilatini, maana yake ni kuruhusiwa, na ruhusa aghalabu hutolewa kwa asiye na haki tayari. Kwa hiyo shule ya Uganda inapoandika “awe na leseni” ikidhani inapandisha kiwango, inakishusha, na yule kijana wa faili la plastiki ndiye hasa anayestahili kuomba.

Kuhusu “usajili” sina ugomvi, ila nitasema jambo moja kwa kuwa linanifurahisha. Neno hilo limetujia kutoka Kiarabu, Kiarabu kililipata kutoka Kigiriki cha Bizanti, na Kigiriki kutoka Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya muhuri. Safari yote hiyo, na bado mwalimu wa leo akienda kusajiliwa swali la kwanza ni kama nakala zake zina muhuri. Usajili, hata hivyo, unamwambia mkuu wa shule tu kwamba huyu ni mwalimu. Kama ni wa kompyuta au wa Dini, hilo litasomwa katika transkripti ya chuo, yaani orodha ya masomo aliyosoma na alama zake, na ni ukurasa ambao kamati nyingi za usaili huupita upesi kwa sababu una tarakimu nyingi. Kwa shule inayofundisha TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano, ndilo somo letu la kompyuta) kama somo la hiari katika vidato vya chini, kisha kama somo dogo kwa wanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6 wasiochukua lile la Hisabati, ukurasa huo ni muhimu kuliko faili zima.

Nilimrudishia mwalimu wa taaluma karatasi yake ikiwa na maneno haya, kwa penseli, pembeni: “Awe amesajiliwa kama mwalimu na Wizara ya Elimu na Michezo, TEHAMA ikiwa mojawapo ya masomo yake mawili ya kufundishia. Alete transkripti. Vyeti vya kampuni za kompyuta vitaongeza sifa.” Akasoma, akauliza kama “awe na leseni” iondoke kabisa. Nikamwambia ibaki tu ikiwa yuko tayari kumpokea asiyesomea ualimu, na kwamba kijana wa siku ile, akimaliza mwaka wa stashahada ya uzamili ya elimu, hataihitaji.