Uhifadhi shirikishi: nani anamshirikisha nani?

Arusha ni mji wa mabango ya uhifadhi. Katika mabango hayo, kwenye milango ya magari ya miradi na kwenye fulana za semina, neno "shirikishi" halikosekani. Limetoka kwenye kushiriki, lakini njiani limepita kwa kushirikisha, na hapo ndipo penye mgogoro. Ukishiriki jambo, umeingia kwa miguu yako mwenyewe. Ukishirikishwa, jambo ni la mwingine, naye kakufungulia mlango. Mwalimu wa Kiswahili angeishia hapo akafuta ubao. Kwenye mikutano ya vijiji kuanzia Longido hadi Simanjiro, tofauti hiyo ndiyo watu wanayobishania hadi jua linazama.

Uhifadhi shirikishi, kwa maneno ya kawaida, ni utaratibu ambao wanaoishi na wanyamapori na ndege wana sauti katika kuwatunza, wanabeba sehemu ya kazi na kupata sehemu ya mapato. Kinyume chake tunakijua vizuri huku kaskazini. Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti wakahamishiwa Ngorongoro. Mwaka 1988 wafugaji wakatolewa Mkomazi. Mnyama huku, mtu kule, katikati askari mwenye bunduki. Shida ni kwamba nyumbu wa Tarangire, masika ikiingia, hawakai Tarangire. Wanatoka kwenda kuzalia kwenye nyanda za Simanjiro, juu ya ardhi ya vijiji. Tembo nao huenda na kurudi kati ya Kilimanjaro na Amboseli, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, wakipitia ushoroba wa Kitendeni, yaani mapito ya wanyama, jirani kabisa na mashamba na maboma ya watu.

Ndipo Sera ya Wanyamapori ya 1998, na baadaye sheria ya 2009, zikaweka nafasi ya hifadhi za jamii, zile ambazo watu huzitaja kwa herufi tatu tu za Kiingereza, WMA (Wildlife Management Area). Vijiji vinatenga sehemu ya ardhi kwa mpango wa matumizi uliopitishwa na mkutano mkuu, vinaunda jumuiya, vinaajiri askari wake na kuingia mikataba na wawekezaji wa kambi za watalii. Enduimet, magharibi ya Kilimanjaro, ni mojawapo; Randilen ya Monduli ni nyingine. Sasa sarufi inarudi. Ardhi ni ya kijiji, lakini mnyama anayeikanyaga ni mali ya umma iliyo mikononi mwa serikali. Kijiji hupewa haki ya kumtumia, hakimmiliki, na serikali ina fungu lake katika mapato yanayopatikana pale. Ukisikia wanakijiji wanalalamika kwamba "tumeshirikishwa tu", wanasema hilo hasa.

Lakini yapo mambo ambayo serikali haiyawezi peke yake hata ingetaka. Chukua tumbusi, au tai wa mizoga kama wengi tunavyomwita. Simba ameingia bomani usiku, ameua ng'ombe. Asubuhi mwenye ng'ombe, hasira zimemjaa, anautia mzoga dawa ya kuulia wadudu, ile ya shambani, akimngoja simba arudi kumalizia. Simba huenda asirudi. Tumbusi lazima aje, na haji peke yake. Huko juu tumbusi wanatazamana: mmoja akishuka, aliye mbali anamwona na kumfuata, na aliye mbali zaidi anamfuata huyo wa pili, mpaka mzoga mmoja umekusanya ndege makumi kwa makumi. Kabla ya adhuhuri wamelala chini, mbawa wazi. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, na kifaranga huchukua miaka kadhaa kufikia umri wa kuzaa, kwa hiyo pengo la asubuhi moja halizibiki upesi.

Askari gani wa hifadhi angezuia hilo? Anayeweza ni jirani aliyemwona mwenzake akitoka na chupa. Au, bora zaidi, boma lisiloingilika. Huko Loibor Siret, Simanjiro, wafugaji wamezungushia maboma wavu wa chuma ulioshikiliwa na nguzo za miti mibichi. Nguzo zinashika mizizi, zinachipua, na kwa kuwa ni hai hazimalizwi na mchwa kama fito kavu. Ng'ombe wakilala salama, hakuna mzoga wa kutia sumu. Ndege ameokolewa bila mtu kutaja ndege, na mimi uhifadhi wa namna hii nauamini kuliko wa semina.

Mazao yana hadithi nyingine. Tembo akimaliza ekari ya mahindi, mwenye shamba anaweza kulipwa kifuta jasho. Akiua mtu, familia hupata kifuta machozi. Majina hayo hayadanganyi. Si fidia, ni leso. Tena kiwango hupungua kadiri shamba linavyosogelea mpaka wa hifadhi, ili watu wasitiwe moyo wa kulima mlangoni mwa tembo. Ina mantiki, mpaka ukutane na mtu ambaye babu yake alilima pale kabla mpaka haujachorwa. Kwa hiyo vijana wanakesha shambani wenyewe, na tochi kali, na honi, na ikishindikana kondomu iliyojazwa unga wa pilipili, mchanga na fataki. (Wenye maduka ya vijijini sijui walidhani nini mwanzoni.)

Mfano ulio karibu zaidi na kushiriki, kwa maoni yangu, ni wa Terrat. Tangu 2005 kampuni za utalii hukilipa kijiji hicho cha Simanjiro kila mwaka ili uwanda wanakozalia nyumbu usilimwe. Ardhi inabaki ya kijiji na mifugo inaendelea kuchungwa. Wafugaji hawakupenda uwanda ugeuzwe mashamba tangu mwanzo. Mkataba unawalipa kwa kufanya walichokitaka.

Hata hivyo kuna gharama isiyoonekana kwenye mkataba. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru yeye lakini kinachoua ng'ombe. Wamaasai walilijua hilo kabla ya maabara. Nyumbu wakianza kuzaa, wao huwaondoa ng'ombe kwenye majani mabichi na kuwapeleka kwenye malisho hafifu, wakingoja miezi kadhaa mpaka ndama wabadilike rangi. Wakirudi uwandani, majani mazuri yamekwisha kuliwa.