Mkaguzi Hana Laini ya Voda: Dhana Potofu Kuhusu Maelekezo ya Programu Inayosubiri Kuidhinishwa

"Maelekezo ni ya wateja. Mkaguzi ataona mwenyewe."

Hii ndiyo dhana inayochosha kuliko zote. Tuchukue programu ya kuagiza mitungi ya gesi Dar es Salaam. Mteja anaingia kwa namba ya simu, anapokea SMS yenye tarakimu sita, ramani inamwonyesha wasambazaji wa jirani, analipa kwa M-Pesa. Kwenye simu yako kila kitu kinapita. Sasa mweke hapo mkaguzi wa Google au Apple, anayeipitia programu kabla haijaingia kwenye duka lao. Yuko ng'ambo, hana laini ya +255, SMS haimfikii. Akivuka hapo kwa bahati, ramani inamjibu "Hatujafika eneo lako". Akivuka na hapo, ombi la PIN linakwenda kwenye simu ambayo hanayo. Anaandika kwamba ameshindwa kuingia, basi, anashika ya mwingine. Halafu unalalamika kwamba wanatuonea.

Mtengenezee njia. Kama unatumia Firebase (huduma ya Google inayoweza kukutumia hizo SMS za kuingilia), kuna sehemu ya kusajili namba za majaribio, hadi 10, kila moja na tarakimu zake sita usizobadilisha. SMS haitumwi kabisa. Usisajili namba ya mtu halisi. Akaunti ya namba hiyo iwekee anwani ya Sinza au Kariakoo ndani ya seva, ili isitegemee GPS ya simu, na uijaze vitu: maagizo mawili matatu ya zamani, moja likiwa njiani. Akaunti tupu haionyeshi kitu. Malipo yake yapite bila PIN, na agizo lake liishie kwenye seva. Lisije likamwamsha msambazaji wa Mbagala saa nane usiku. Kama kuna upande wa msambazaji, nao unataka akaunti yake. Malipo halisi yaonyeshe kwa video ya dakika moja.

Kisha andika hatua. Kwenye App Store Connect, ukurasa wa Apple wa kuwasilishia programu, kuna nafasi ya maelezo kwa mkaguzi. Kwenye Play Console, ule wa Google, yanakaa sehemu ya ufikiaji wa programu. Andika kwa Kiingereza, lakini majina ya vitufe yaache kama yalivyo kwenye skrini, na uweke maana yake ya Kiingereza pembeni. Mwambie aguse "Ingia", aandike namba bila sifuri ya mwanzo (hajui kwamba sifuri inaondoka ukitanguliza +255, wewe ndiye unayejua), aandike tarakimu sita, aguse "Agiza", aone nini. Hatua bila "utaona nini" ni nusu hatua, kwa sababu mtu hajui kama amefika au amekwama.

Na usiifute akaunti hiyo programu ikipita. Matoleo mapya nayo hukaguliwa, na neno la siri lililokwisha muda wake linatosha kukurudisha nyuma.

"Mwongozo tutauweka ikishaidhinishwa."

Apple inataka kiungo cha msaada unapowasilisha, na kiungo hicho lazima kimpe mtumiaji njia rahisi ya kukufikia. Ukurasa ulioandikwa "Inakuja hivi karibuni" ni sababu ya kukataliwa. Mwongozo wa watumiaji, unaofikiwa kwa kiungo hicho, uwe hewani kwanza, ufunguke bila kuingia na akaunti.

"Maelezo ya dukani yanatosha kuwa mwongozo."

Zile herufi 4,000 unazopewa kuielezea programu dukani ni tangazo. Aliyekwama kwenye malipo harudi dukani kusoma sifa za programu yako.

"Picha za skrini zikiwa nyingi, maneno hayahitajiki."

Kitufe kikibadilika kutoka "Lipa" kuwa "Endelea", picha zote kumi na mbili zimekufa. Weka picha pale tu ambapo maneno yanashindwa, na uandike namba ya toleo juu ya ukurasa. Picha yenye jina na namba ya mteja wa kweli usiiweke kabisa.

"Kufuta akaunti tusikutaje, watu wataondoka."

Tangu tarehe 30 Juni 2022 Apple inataka programu inayoruhusu kufungua akaunti iruhusu pia kuifuta humo humo ndani. Kuisimamisha kwa muda hakuhesabiki. Google inataka njia hiyo na kiungo cha wavuti juu yake, kwa aliyekwisha kuiondoa programu. Kwa hiyo andika njia yenyewe, kitufe kwa kitufe, na useme data ipi inabaki na kwa muda gani. "Tuandikie barua pepe" kwa programu ya gesi haitoshi.

"Wakikataa, tunaanza upya."

Soma kilichokataliwa. Kama ni maelezo, picha au kiungo tu, kwa Apple unarekebisha na kuwasilisha tena bila kupandisha toleo jipya. Na kama hukuelewa sababu, mjibu mkaguzi pale pale kwenye ujumbe wake, kwa hatua zilizohesabiwa 1, 2, 3, badala ya kubonyeza "wasilisha" mara ya tatu ukiwa hujagusa kitu.