Tana River: watu wanane kwa kilomita, lakini wapi?

Ripoti ya sensa ya Kenya ya 2019 inaipa Kaunti ya Tana River namba inayonakiliwa kila mahali: watu 8 kwa kilomita ya mraba. Hesabu yenyewe haina kasoro. Chukua watu 315,943, gawanya kwa kilomita za mraba 37,950, basi. Mombasa, kwa hesabu hiyohiyo, ina watu 5,495. Kazi yangu ni kuchora ramani za idadi ya watu, na ukiniuliza namba inayonikera kuliko zote hapa pwani, nitakutajia hiyo nane. Tana River watu ama wamesongamana, ama hawapo kabisa. Mahali ambapo kweli wanaishi wanane kwa kilomita utapatafuta sana.

Tuanze na ardhi. Kaunti hii inaanzia karibu na Ikweta, ikipakana na Isiolo na Garissa, inateremka ikiiacha Kitui upande wa magharibi, hadi inapoikuta Bahari ya Hindi kati ya Kilifi na Lamu. Kilifi, Kwale, Lamu na Mombasa ukiziunganisha hazifikii ukubwa wake. Sehemu kubwa ni tambarare kavu ya vichaka, inayokatwa na laga kama Galole, Hiraman na Kokani, ambazo hutiririka mvua ikinyesha kisha zikabaki mchanga mtupu. Katikati ya ukavu huo unapita mto ambao maji yake hayatokani na mvua ya hapo. Mto Tana unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unasafiri karibu kilomita 1,000, na ukifika Hola umebeba udongo wa watu wengine.

Udongo huo ndio unaoamua nani alale wapi. Mto ukifurika, mchanga mzito hutua kwanza, palepale kwenye ukingo, na tope jepesi huenda mbali zaidi. Miaka nenda miaka rudi, ukingo unainuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Kwa hiyo, kinyume na anavyodhani mgeni, mahali pakavu zaidi wakati wa mafuriko ya kawaida mara nyingi ni pale kando ya mto kabisa. Ndipo vijiji vya Wapokomo vilipo, pamoja na migomba na miembe yao, na nyuma, kwenye mabonde yanayoshika maji, ndipo penye mpunga. Shamba la kimila hukatwa kwa namna inayofuata mteremko huo: kipande chembamba kinachoanzia mtoni kwenda nyuma, ili kila ukoo upate ardhi ya juu na ya chini. Ni upimaji wa busara sana, na niseme wazi kwamba nimewahi kuona mipango ya kisasa ya ardhi isiyofikia nusu ya busara hiyo.

Kwenye ramani, basi, wakulima wanaonekana kama uzi mmoja mrefu unaofuata maji tangu Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, kupitia Bura na Hola hadi Garsen na delta, pale mto unapotawanyika kabla ya kuingia baharini. Ukipima msongamano ndani ya uzi huo tu, ile nane inasahaulika.

Tatizo ni kwamba uzi hausimami mahali pamoja. Mto wa tambarare hula kona zake, siku moja ukakata njia ya mkato na kuliacha tumbo la zamani liwe ziwa. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, ulioanzishwa miaka ya 1950, uliporomoka baada ya mto kuhama 1989 na kuziacha pampu bila maji. Na mdomo wenyewe wa mto tunaouona leo Kipini una mkono wa binadamu ndani yake: katika karne ya 19 mtawala wa Witu, usultani mdogo wa jirani, alichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, na baadaye mto mkubwa ukaufuata mfereji huo, ukauacha mdomo wake wa awali upande wa kusini.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na wao hawamo kwenye uzi kwa mwaka mzima. Mvua ikinyesha, mifugo hutawanyika bara kufuata majani na malambo. Kiangazi kikikaza, wote hurudi kwenye maji ya kudumu, na delta, ambayo tangu 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa kwa hekta 163,600, hugeuka malisho ya akiba ya eneo lote, pamoja na wafugaji wanaotoka kaunti jirani. Wanaufikia mto kupitia malka, yaani njia na mahali pa kunyweshea mifugo. Rudi kwenye yale mashamba membamba yanayoanzia mtoni: ukiyapanga mfululizo bila kuacha pengo, umeziba malka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta. Siasa za uchaguzi zilichochea, hilo halina ubishi, lakini anayesoma ramani anaona kwamba ugomvi ulikuwa na anwani.

Kuhusu bahari nitasema machache, kwa sababu kaunti yenyewe imeipa mgongo. Mji wa pwani wa maana ni Kipini, wenye Wabajuni na wavuvi wengine, na karibu yake yapo magofu ya Ungwana. Maji ya Ghuba ya Ungwana ni ya matope, matumbawe hayastawi, kwa hiyo hoteli za kitalii kama za Malindi hazikufuata. Tope hilohilo hulisha kamba, ndiyo maana wavuvi wanaipenda ghuba ambayo watalii hawaijui.

Watu wanaongezeka. Sensa ya 1999 ilihesabu 180,901, ya 2009 ikapata 240,075, na ya 2019 ikafikia 315,943. Mto haukuongezeka. Mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika 1981, yamepunguza mafuriko madogo ya kila msimu yaliyokuwa yakilisha mpunga na majani, lakini hayawezi kuzuia yale makubwa. Mwaka 2018, tena mwishoni mwa 2023 na Aprili 2024, wanavijiji walihamia kambi kwenye ardhi iliyoinuka na barabara zikakatika. Watu wa namna hiyo utawaandika wapi, kijijini kwao au kambini?

Si swali la darasani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu pale walipolala usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, na mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wake ng'ambo ya mpaka wa Garissa au Lamu usiku ule alihesabiwa huko. Katiba ya 2010 inataka majimbo ya ubunge yakaribiane kwa idadi ya watu, ila maeneo yenye watu wachache yanaruhusiwa kupungua hadi asilimia 40 chini ya wastani. Gawanya Wakenya 47,564,296 kwa majimbo 290, unapata kama 164,000. Asilimia 40 chini yake ni takriban 98,400. Tana River ina majimbo matatu, Garsen, Galole na Bura, na ukiwagawa watu wake sawasawa kila jimbo linapata kama 105,000. Pengo ni chini ya watu 7,000 kwa jimbo, na mgawanyo halisi hauwezi kuwa sawasawa. Kiangazi kikali katika mwezi wa sensa chaweza kuhamisha familia za kutosha kulila pengo hilo, kwa hiyo wanaopanga sensa ijayo wangeanza na kalenda ya malisho kabla ya kuchagua usiku wa kuhesabu.